Tukingoja Kaskazi Huko Kansas

Simulizi hii nimeipanga upya kutokana na daftari lililolowa mvua, picha za simu zipatazo mia mbili, na risiti ambazo Mama alizikunja moja moja akaziweka kwenye pochi yake kana kwamba siku moja tutadaiwa. Tulikuwa njiani siku sita, mwezi wa Septemba, kutoka Minnesota hadi Kansas na kurudi, kwa kazi ambayo hakuna aliyetulipa: kuwabandika namba vipepeo aina ya monaki, wale wa rangi ya machungwa wanaohama kila mwaka kwenda Meksiko.

Kabla ya kuondoka

Mama alikuja kunitembelea Minnesota mwezi wa saba. Kwetu ni Gede, pwani ya Kenya, na Mradi wa Kipepeo ulipoanza mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, yeye alijiunga miaka ile ya mwanzo. Alifuga viwavi kwenye kibanda cha chandarua nyuma ya jikoni, akiuza pupa, nazo zikisafirishwa kwa ndege kwenda kwenye nyumba za maonyesho huko ng'ambo. Karo yangu ya sekondari, si yote lakini sehemu nzuri, ilitoka kwenye kibanda hicho.

Kwa hiyo nilipomwambia kwamba mimi huku hujitolea kuhesabu mayai na viwavi, hakushangaa. Alichoshangaa ni kwamba silipwi. Kila Jumamosi kiangazi kizima huenda kwenye kiwanja kimoja karibu na ninapoishi, nikapekua majani ya ule mmea wa utomvu mweupe ambao ndio chakula pekee cha kiwavi wa monaki. Unageuza jani, unatazama chini yake, unaandika. Mashina mangapi, mayai mangapi, viwavi wa ukubwa gani. Mpango huo wa kuhesabu ulianzia Chuo Kikuu cha Minnesota miaka ya tisini. Mama alinifuata Agosti yote, na wiki ya pili tu akawa ananipita kwa kuona mayai, pamoja na miwani yake ya dukani.

Vibandiko vya namba, vinavyobandikwa kwenye bawa ili kipepeo atambulike akiokotwa mbali, hutolewa na Monarch Watch, mpango ulioanzishwa mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Kansas. Nilinunua karatasi moja yenye vibandiko 25. Anayetaka kujaribu mwaka ujao aagize mapema, Julai hivi, kwa sababu hutumwa Agosti na msimu haumngoji mtu. Na usinunue vingi kwa tamaa. Kibandiko kisichotumika ni namba iliyokufa.

Siku ya kwanza, Alhamisi: Chaska hadi Des Moines

Tuliondoka saa mbili asubuhi, lakini badala ya kushika barabara kuu ya 35 moja kwa moja, nilikata kusini-magharibi kwenda Chaska, mji mdogo pembeni mwa Minneapolis. Mama aliuliza kuna nini huko. Nikamwambia kuna kipepeo wa mwaka 1975.

Kisa chenyewe ni hiki. Mkanada Fred Urquhart na mkewe Norah walitafuta kwa miaka mingi mahali monaki wanapokwenda kujificha na baridi. Walijaribu gundi, ikabanduka kwenye mvua. Mwishowe wakapata karatasi inayonata kama zile za bei dukani. Wakaajiri watu wa kujitolea Marekani na Kanada nzima. Mwezi wa kwanza mwaka 1975, Ken Brugger na Catalina Aguado walifika kwenye misitu ya milima ya kati ya Meksiko wakakuta miti imefunikwa na vipepeo, ingawa wenyeji wa hapo walikuwa wakiwaona kila mwaka tangu zamani. Urquhart alipofika mwenyewe Januari 1976, tawi lilikatika kwa uzito wa vipepeo likaanguka karibu naye, na katika lile rundo palikuwa na mmoja mwenye kibandiko. Alikuwa amebandikwa Chaska, Agosti iliyotangulia, na mwalimu mmoja na wanafunzi wake wawili.

Mama alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Na wale watoto waliambiwa?"

Waliambiwa, ee.

Tulisimama kando ya uwanja wenye maua marefu ya njano, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenye uwanja aliyekuwa akikata nyasi. Tukabandika wawili, dume na jike. Dume utamjua kwa doa jeusi kwenye kila bawa la nyuma. Jike hana, ila mistari yake ni minene zaidi. Kubandika kwenyewe ni hivi: unamshika mabawa yakiwa yamefungwa, kati ya kidole gumba na cha shahada, unabandua kibandiko kwa kijiti cha meno ili mafuta ya vidole yasiharibu gundi, unakiweka upande wa chini wa bawa la nyuma, kwenye kile kijichumba kikubwa kati ya mistari ya bawa, kinachofanana na glavu yenye kidole gumba peke yake. Unabonyeza, unahesabu moja, mbili, tatu. Umemaliza. Kibandiko ni duara dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na kwenye mzani hakisomi kitu. Kipepeo mwenyewe ana nusu gramu tu.

Mama alimshika wa pili. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Alimtazama kwa muda, akasema, "Mkubwa huyu. Wetu wa Gede ni wadogo." Anasema kweli: kule pwani tunaye binamu yake, wa rangi hiyo hiyo ya machungwa, na yeye pia anakula mimea ya utomvu.

Baada ya hapo ni mahindi na soya, soya na mahindi, kilomita mia nne. Tulilala Des Moines, moteli ya dola 81 pamoja na kodi. Chakula cha usiku kilikuwa mahamri na mbaazi za nazi kutoka kwenye sanduku la barafu. Petroli ya siku hiyo dola 34.

Siku ya pili, Ijumaa: nyati, tairi, na mwenye pikapu

Mashariki ya Des Moines, karibu na Prairie City, kuna hifadhi ya Neal Smith, mahali ambapo wanarudisha nyasi ndefu za asili zilizokuwa zimelimwa zikaisha. Kuingia ni bure, na unaendesha gari katikati ya zizi kubwa la nyati wa huku. Mama alikataa katakata kushusha kioo. Monaki tuliwaona kadhaa kwenye maua, lakini hatukugusa hata mmoja: ndani ya hifadhi za serikali huruhusiwi kukamata bila kibali, na ni vyema kukumbuka hilo kabla hujatoa wavu kwenye gari.

Tuliingia Missouri mchana. Karibu na mji wa Bethany, tairi la nyuma kulia likapasuka. Nilikuwa na spea, nilikuwa na jeki, ila nati moja ilikuwa imekazwa na fundi fulani huko nyumbani kana kwamba hakutaka tairi hilo litoke tena duniani. Nilisimama juu ya spana kwa miguu yote miwili. Haikusogea. Malori yalipita yakitutikisa.

Baada ya dakika arobaini hivi alisimama mzee mwenye pikapu, kofia imefifia kwa jua. Hakuuliza maswali. Alitoa bomba refu la chuma, akalivisha kwenye mpini wa spana, akalikandamiza mara moja. Nati ikalia kama mlango wa kaburi, ikafunguka. Mama alikuwa amekaa kwenye nyasi juu ya leso, wavu umelala pembeni, na mzee akauliza ni wa nini. Nilipomwambia, alituonyesha upande wa pili wa uzio. Shamba lile la soya lilikuwa lake. Alisema utotoni yeye na ndugu zake walilipwa na baba yao kung'oa ule mmea wa utomvu kwa mkono, mstari kwa mstari, na bado haukuisha. Kisha zikaja mbegu zinazovumilia dawa, miaka ile ya tisini, ukapulizia shamba zima na kila kisicho soya kikafa. Ukaisha wenyewe. Sasa ameacha kipande kando ya mtaro hakikatwi mpaka Oktoba, kwa sababu mjukuu wake alimwomba.

Alikataa pesa. Mama akamtilia mahamri sita kwenye karatasi, na hayo hakuyakataa.

Tulifika Lawrence saa nne usiku. Sehemu ya barabara ya kulipia Kansas haina tena vibanda vya pesa. Wanapiga picha namba ya gari na bili inakufuata nyumbani kwa posta. Usihangaike kutafuta sarafu kama nilivyohangaika mimi.

Siku ya tatu, Jumamosi: kusi

Kusini mwa Lawrence kuna ardhi oevu za Baker, mali ya Chuo Kikuu cha Baker. Zamani ardhi hiyo ilikuwa chini ya shule ya Haskell, waliyopelekwa watoto wa makabila ya asili, na ubishi juu ya ile barabara kuu iliyopitishwa ukingoni mwake ulidumu miaka mingi. Barabara ilifunguliwa 2016. Ukisimama kwenye maua unaisikia.

Kila Septemba huwa na asubuhi moja ya watu wote: nyavu unaazimwa, vibandiko unapewa, hulipi kitu. Tulikuta familia nyingi na watoto wanaokimbia. Na tulikuta upepo. Ulikuwa ukivuma kutoka kusini kwa nguvu ya kumvua mtu kilemba, na joto kama la Malindi mwezi wa tatu.

Mjitolea mmoja, mama wa makamo aliyestaafu ualimu, alitueleza shida. Monaki anayeelekea Meksiko hupenda upepo wa kaskazini umbebe mgongoni. Anapanda juu kwenye hewa ya moto, anaacha mabawa wazi, anateleza. Upepo ukimjia usoni anashuka, anajibanza kwenye nyasi, anakunywa asali ya maua na kungoja. Na wale walio kaskazini yetu, Iowa na Nebraska, nao hawaji.

Nikamtafsiria Mama. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kumbe ni majahazi!" akasema. "Kusi inavuma, yanangoja kaskazi. Sasa mwanangu, umenileta kilomita zote hizi katikati ya kusi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeomba siku za mapumziko kwa kalenda, sikuangalia upepo. Hili ndilo ningemwambia kila anayepanga safari hii: kwa Lawrence wakati mzuri ni kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wake, lakini usifunge siku. Tazama utabiri, subiri baridi inayoshuka kutoka Kanada, na ujipe siku mbili za ziada.

Hata hivyo tulipata watatu, kwa vibandiko vya wenyeji, na wote alikamata Mama. Watoto walikuwa wakikimbiza. Yeye alisimama kando ya kichaka cha maua ya njano, wavu umeshushwa, kimya, kama mtu anayengoja matatu. Kipepeo akatua, akaanza kunywa, mabawa yakafungwa. Wavu ukashuka taratibu kutoka nyuma. Mtoto mmoja aliacha kukimbia akaja kusimama nyuma yake, naye akateremsha wavu wake.

Maua yenyewe yalijitambulisha kwa Mama kwa njia yake. Tulipotoka leso yake ilikuwa imejaa vijimbegu vyeusi vyenye miiba. "Kishona nguo!" alisema. Ni ndugu wa kile kile cha kwetu, ila wa huku anafika kifuani na maua yake ni makubwa. Alikaa kwenye gari akivitoa kimoja kimoja mpaka moteli.

Mwalimu yule mstaafu alituomba namba. Alisema ana shamba dogo nje ya mji lenye mstari wa mierezi, na upepo ukigeuka tuje jioni.

Siku ya nne, Jumapili: hakuna kitu

Kusi bado. Nilimpigia msimamizi wangu kazini kubadilisha shifti ya Jumanne. Alikubali kwa sauti ya mtu atakayenikumbusha. Moteli, dola 94 kwa usiku, ikaongezwa usiku mmoja ambao haukuwa kwenye hesabu.

Tulikwenda Kansas City, mwendo wa dakika hamsini, kutafuta unga. Upande wa Kansas wa mji huo kuna Wakongo na Warundi wengi, na kwenye duka moja dogo tulikuta dagaa, unga mweupe, mawese. Mama aliposikia Kiswahili nyuma ya kaunta alisimama wima. Dada wa dukani, mzaliwa wa Bukavu, alituuliza, "Munatoka wapi, mama?" Wakaongea nusu saa, kila mmoja akimsahihisha mwenzake kimoyomoyo. Nilipotaja vipepeo alinitazama kwa huruma. Alitupunguzia bei ya dagaa.

Usiku, kama saa saba, niliamshwa na mlango wa moteli ukigongagonga kwenye fremu yake. Nikatoka nje kwa kandambili. Mvua ilikuwa ikinyesha ya ubavu, na ilikuwa ikitoka upande mwingine.

Siku ya tano, Jumatatu: kaskazi

Asubuhi nyuzi 11. Nilivaa koti. Monaki hawezi kuruka kwenye baridi ya namna hiyo mpaka jua limpashe moto, kwa hiyo tulikunywa chai bila haraka. Kufika saa tano mbingu zilikuwa safi kama sahani, na nilipoinua darubini juu ya maegesho ya moteli, niliwaona. Ukitazama kwa macho matupu huoni kitu. Kwa darubini ni vidoa vya rangi ya machungwa, kimoja juu ya kingine, mpaka juu kabisa, vikizunguka na kuteleza kuelekea kusini. Mama alinipokonya darubini na hakuirudisha.

Jioni tulikwenda kwa mwalimu mstaafu. Alitutengea supu ya maharage na mkate wa mahindi, tukala haraka tumesimama, maana saa kumi na mbili walianza kushuka. Mmoja, wawili, halafu kumi. Walikuja chini chini juu ya nyasi, wakapanda upande wa mierezi uliokingwa na upepo, wakajishikiza kwenye ncha za matawi. Kila aliyekuja kwa kuchelewa aliwafanya waliotangulia kufungua mabawa kwa pamoja, na tawi zima likawaka, kisha likazimika tena likafanana na majani makavu. Mwenye nyumba alikadiria mia tatu. Mama alisema mia nne, na mimi kwa mambo ya kuhesabu vipepeo siwezi kushindana na Mama.

Wavu hauhitajiki hapo; unawachuma kwa mkono kama matunda. Mimi nilibandua na kuandika, Mama alishika. Namba, tarehe, dume au jike, mahali. Vidole vilikuwa vinatufa ganzi kwa baridi. Kila aliyekwisha alimrudisha kwenye tawi badala ya kumrusha, kwa sababu giza likiingia na baridi ile hawawezi tena kuruka, wakianguka kwenye nyasi wataliwa na panya. Tulibandika 17 tukaacha, kwa kuwa mwanga uliisha kabla ya vibandiko.

Hapo ndipo aliponiuliza wangapi watarudisha namba. Nikamwambia ukweli: chini ya mmoja kwa mia. Kule Meksiko, wenyeji na waongozaji wanaokota waliokufa chini ya miti, wanatafuta vibandiko kati ya maelfu, na Monarch Watch huwalipa dola tano hivi kwa kila kimoja. Wale wanaoishi hawaonekani, maana wako juu. Na miti yenyewe haijai kama zamani: msimu wa 1996 na 1997 walifunika zaidi ya hekta 18, msimu wa 2023 na 2024 hawakutimiza hata hekta moja, uliofuata ikawa 1.79.

Mama alifikiri. "Mimi pupa mia nilizopeleka," alisema, "walihesabu mia, wakalipa mia. Isipokuwa zile zilizooza." Kisha akauliza kama yule wa leo mwenye bawa lililochanika atafika. Nikamwambia huwa wanafika hata wakiwa wamechanika. Akaitikia, "Haya."

Siku ya sita, Jumanne

Mwendo wa saa nane barabarani, hakuna la kusimulia, ila kioo cha mbele: niliendesha polepole kidogo kuliko kawaida, malori yakinipigia honi, kwa sababu upepo ulikuwa wa vipepeo, nao walikuwa wakivuka barabara.

Hesabu nzima: petroli dola 131, moteli usiku tano dola 457, chakula na unga na dagaa 88, barabara ya kulipia dola chache zilizofika kwa posta baada ya wiki mbili. Viingilio vyote bure.

Nyumbani nilijaza fomu ya Monarch Watch. Chaska 2, shambani kwa mwalimu 17, jumla 19. Vilitakiwa kubaki 6. Vilibaki 5. Nilitikisa daftari, nikapekua gari, mfuko wa wavu, koti. Nikaandika kwenye fomu kwamba kimoja kimepotea.

Mama alirudi Gede mwezi wa kumi. Wiki iliyopita alinipigia simu ya video kunionyesha binamu wa rangi ya machungwa aliyetua karibu na kibanda chake cha zamani. Picha ilikuwa inayumba, kwa hiyo alimpa mjukuu wake simu ashike, na yeye akachukua simu ya mtoto kumpiga kipepeo picha. Walipobadilishana tena, kwa nukta moja kamera ilielekea nyuma ya simu yake. Katikati ya kava, kimebonyezwa vizuri bila kiputo hata kimoja, palikuwa na kiduara cheupe chenye herufi na tarakimu.

"Mama," nikasema, "hiyo namba nimeiripoti imepotea."

"Haijapotea," akasema. "Imefika Gede. Waandikie."